Mashine Iliyozimwa Huku Ikiandika

Nawaandikia ninyi mnaomaliza masomo ya kompyuta mwaka huu, hasa ninyi ambao mmekwisha kupata pasipoti na mnangoja simu ya wakala. Nawaandikia nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuipamba. Sina mvi za kutosha kuitwa mzee, lakini kazi ya mashine nimeistaafu, na mtu akishastaafu hupata uhuru mmoja ambao hakuwa nao kazini: hana tena wa kumwogopa anapotaja mambo kama yalivyokuwa.

Hasira yangu ya kwanza niliipatia Riyadh, katika ukumbi wa mikutano wa ofisi yetu mtaani Olaya. Kampuni ilitunza michoro ya mabomba ya maji safi, maji taka na mifereji ya mvua, na siku hiyo alikuja mtaalamu wa kutuuzia mfumo mpya. Aliweka ukutani picha ya kompyuta ya zamani, kasha la kijivu lenye skrini nene kama tanuri, na watu wakacheka. Akatueleza kwamba kompyuta za namna ile, zilizokuwa zikiitwa vituo vya kazi kwa sababu kila mhandisi aliwekewa yake mezani, zilibuniwa na kijana mmoja mwenye kipaji, peke yake, katika gereji ya nyumbani kwao. Na kwamba mfumo endeshi wake, yaani programu kuu inayoziongoza nyingine zote, ulitoka kichwani mwake yeye yule.

Tulipiga makofi. Nami nilipiga, kwa kuwa chuoni tulizoezwa kupiga makofi wengine wanapopiga.

Mtadai kwamba uongo kuhusu kasha la kijivu haumdhuru mtu. Unadhuru. Anayezoea kusikia kwamba kitu kikubwa hutengenezwa na mtu mmoja hatashtuka atakapowaona wengine wote wakifutwa. Nililijua hilo Jeddah, na ndilo lililonitoa kazini.

Lakini kwanza mjue nilikuwa nani. Wakala wa Nairobi alinisainisha mkataba wa fundi wa kompyuta. Nilipofika na kukabidhiwa ikama, kile kibali cha ukaazi ambacho bila hicho huwezi hata kununua laini ya simu, sehemu ya kazi iliandikwa amil, yaani kibarua. Nilikwenda kwa meneja wa rasilimali watu nikiwa nimeandaa hoja zangu kwa mpangilio mzuri.

"Mafi mushkila," aliniambia, hakuna tatizo, bila kuinua macho. "Nafasi za mafundi zilikuwa zimejaa. Ni karatasi tu. Kazi utafanya ya kompyuta."

Nilimwamini. Na kweli nilifanya kazi ya kompyuta, mchana kutwa, huku karatasi ikisema mimi ni mbeba mizigo. Zingatieni jambo hili, vijana. Mtu anapowaambia kwamba karatasi si kitu, mwulizeni kwa nini basi pasipoti zenu amezifungia yeye kabatini.

Jeddah nilipelekwa kuihamisha michoro ya tawi la huko kutoka mashine ya zamani kwenda mfumo mpya. Mashine yenyewe ilikuwa kituo cha kazi halisi, mojawapo ya yale makasha yaliyochekwa Olaya, nayo ilikuwa bado inafanya kazi katika chumba kidogo cha ghorofa ya pili. Ilitunza michoro yote ya mifereji ya mji ule ambao mvua ikinyesha kwa nguvu barabara zake hugeuka mito na magari kuelea. Hakuna aliyeijua isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa amekwisha kustaafu na kurudishwa kwa muda, Maalim Haji.

Maalim Haji alizaliwa Unguja na kuletwa Jeddah mgongoni mwa mama yake, baada ya mwaka sitini na nne. Alikulia huko, akasoma huko, na ofisi yake ya kwanza ilimpeleka ng'ambo kujifunza mashine hizo zilipoanza kuja. Hakuwa mnyenyekevu. Alijua anachojua, na alipenda wengine wajue kwamba anajua. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja ya wazazi wake, na cha kwangu cha Nairobi alikisikiliza kwa uso wa mtu aliyekunywa chai yenye chumvi.

"Wewe ndo fundi?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Ndiyo, Maalim."

"Umesoma?"

"Nina diploma ya teknolojia ya habari."

"Habari naona unazo. Haya, kaa, tutizame hiyo teknolojia."

Alinitazama nikiunganisha nyaya, kisha akaninyang'anya koleo. Kwake kila waya ulifungwa kibandiko chenye jina katika ncha zote mbili, kamwe si moja. "Ncha moja unajiandikia mwenyewe," alisema. "Ya pili unamwandikia atakayekuja ukishaondoka." Kanda ya zamani ya kuhifadhi data hakuisoma moja kwa moja, aliiamuru kwanza mashine iikunjue yote hadi mwisho na kuirudisha mwanzo, ili mkanda ulioganda kwa miaka ulegee na kukaa sawa, vinginevyo ungekatika au kusomwa ovyo. Betri ndogo iliyo ndani ya kasha ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo kila ilipowashwa mashine ilikuwa imesahau saa, tarehe, na hata anwani yake katika mtandao, naye Maalim alilazimika kuiandikia upya kwa mkono.

"Imezeeka kama mie," alisema akiandika. "Ila mie jina langu bado nalijua."

Siku moja, kanda ikizunguka polepole, nilimsimulia habari ya kijana wa gereji. Alivua miwani.

"Nani kasema hayo?"

"Mtaalamu, Olaya."

"Mtaalamu wa kuuza. Skiza, mwanangu. Zamani kompyuta moja ilikuwa ya watu wengi, nyote mnaigombea. Chuo kimoja, kiwanda kimoja na kampuni moja ya simu wakaungana huko Marekani kutengeneza mfumo mkubwa wa kugawana mashine. Ukawa mkubwa mno, ukachelewa, kampuni ya simu ikajitoa. Wale watafiti wake walioonja utamu wa kazi ile wakabaki mikono mitupu. Wakaomba kununuliwa mashine mpya. Wakanyimwa. Unajua walifanya nini?"

"Hapana."

"Wakaokota kimashine kidogo hakina mwenye haja nacho, wakaanza upya. Mmoja wao alikuwa na mchezo wake wa kuruka baina ya sayari, anataka pahala pa kuuchezea. Ndo Unix, mfumo endeshi huo unaouona hapo. Imeanza kwa watu waliokataliwa, na mchezo."

Mengine alinisimulia kwa siku kadhaa, nami nayaweka hapa kwa mpangilio wangu. Kampuni ile ya simu ilikuwa imezuiwa kisheria kufanya biashara ya kompyuta, kwa hiyo mfumo wake iliutoa kwa vyuo vikuu kwa ada ndogo, pamoja na maandishi yake yote ya ndani. Wanafunzi waliufungua, wakaurekebisha, wakatumiana marekebisho kwa kanda zilizosafirishwa kwa posta. Chuo kimoja cha California kiliuongezea ufundi wa kumbukumbu na mtandao hadi ukawa kama mfumo mwingine. Wakati huohuo, katika maabara ya kampuni ya mashine za fotokopi, watu walikuwa wametengeneza kompyuta ya mtu mmoja yenye skrini inayochora kila nukta, yenye madirisha, yenye kipanya cha kusukuma mezani, na waya wa kuiunganisha na wenzake. Wakubwa wao waliitazama, hawakuona biashara, wakarudi kwenye fotokopi zao. Kisha mwanafunzi mmoja wa chuo kingine, aliyetaka mashine ya namna hiyo na hakuwa na uwezo wa kuipata, akaunda ya kwake kwa vipuri vya kawaida vya dukani ili iunganishwe na mtandao wa chuo. Wenzake wakajiunga naye, wakaitia ule mfumo uliokwisha kupita katika mikono ya wanafunzi wengi. Hivyo ndivyo vituo vya kazi vilivyofika kwenye meza za wahandisi.

Hesabuni mikono iliyopita hapo. Walionyimwa mashine, walioandika bila kulipwa, waliobuni skrini wakapuuzwa, waliotuma kanda kwa posta. Wote hao mtaalamu wa Olaya aliwafuta kwa picha moja, na tukapiga makofi.

Sasa niwaeleze kuhusu kuzima, maana hapo ndipo penye kisa changu. Kompyuta nyingi za wakati ule mlizoziona kwa wajomba zenu zilizimwa kwa kubonyeza swichi. Mashine ile hapana. Mfumo wake hauandiki kwenye diski kila unapoambiwa andika. Unapokea ulichoandika, unakuambia tayari, kisha unakiweka kwanza katika kumbukumbu yake na kukiandika baadaye unapopata nafasi. Ndiyo sababu ulikuwa mwepesi kuliko mingine. Lakini ukiukatia umeme katikati, kile ulichoambiwa ni tayari kinapotea, na pengine kinaondoka na majina ya faili zilizokuwa jirani. Kwa hiyo kabla ya kuzima kuna amri ya kuuhimiza uandike yote uliyoyaahidi. Maalim aliiandika mara tatu, kila moja katika mstari wake, kama walivyofanya mafundi wa zamani.

"Moja haitoshi?" nilimwuliza.

"Ya kwanza ni amri. Ya pili ni subira, unaipa diski nafasi. Ya tatu ni adabu."

Katika jengo letu adabu hiyo ilipambana na desturi nyingine. Ofisi ilifungwa kuanzia adhuhuri hadi alasiri, na tangu birika la kahawa lilipoungua likiwa limesahauliwa, mudiri wa tawi, yaani meneja wetu, aliagiza swichi kuu ya kila ghorofa ikatwe wakati wa mapumziko. Kazi hiyo ilikuwa ya mlinzi, Wafula, Mkenya mwenzangu kutoka upande wa Bungoma, mtu mpana mwenye utani wa pole. Kila siku Maalim aliizima mashine kwa utaratibu wake, ndipo Wafula akakata umeme, ndipo Maalim akaenda msikitini. Walikuwa wamezoeana.

"Maalim, hiyo gari yako imeshapaki?" Wafula aliuliza kutoka koridoni.

"Bado inarudi nyuma. Ngoja kidogo."

Siku ya kisa hiki tulikuwa tumeiamuru mashine ipange upya michoro yote kwa mitaa, kazi ya kutwa nzima isiyoweza kusimamishwa katikati. Maalim alimwomba Wafula asikate swichi ya ghorofa ya pili mchana huo, Wafula akakubali, Maalim akaenda kuswali. Mimi nilikuwa katika jiko dogo la koridoni nikipasha wali kwa maikrowevu, na mlango ulikuwa wazi. Wageni wa mteja wetu, idara ya mifereji ya mji, walitarajiwa alasiri. Mudiri alipanda ngazi haraka, akaona taa zinawaka, akasimama mbele ya Wafula. Walizungumza Kiarabu, cha Wafula kikiwa kile cha lindoni, na kila neno nililisikia.

"Zima."

"Zote, mudiri? Ile ya Maalim inafanya kazi. Amesema isiguswe."

"Maalim ndiye kafili wako, aliyekudhamini ukaja hapa?"

"Hapana, mudiri."

"Basi zima kila kitu. Yalla."

Nilitoka mbio, lakini maikrowevu ilikwisha kunyamaza nyuma yangu, na koridoni kukawa giza.

Alasiri tulipowasha, mashine ilifika njiani na kusimama. Iliandika kwamba diski imeharibika kiasi ambacho haiwezi kuitengeneza yenyewe, na kwamba fundi aitengeneze kwa mkono. Kanda za akiba zilikuwa za zamani mno. Marekebisho ya miaka ya karibuni yalikuwa kwenye diski ile tu. Mhandisi wa mteja, Bwana Nasser, alikuwa amesimama nyuma yetu. Mudiri alimweleza kwa sauti ya masikitiko.

"Mlinzi amekata umeme kwa uzembe. Wanatoka vijijini, hawajui vitu hivi. Ataondoka."

Wafula alikuwa mlangoni. Mudiri alimgeukia. "Halas, basi. Unarudi kwenu. Na ripoti ya kuharibu mali itakwenda nawe."

Muelewe uzito wa maneno hayo. Kurudishwa peke yake ni jambo moja. Mtu hupumzika akajaribu tena. Lakini ripoti ya kuharibu mali ingemfungia mlango katika kila kampuni ya ulinzi, na Wafula hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Nilimfuata hadi kibanda chake cha getini.

"Nitasema nilichosikia," nilimwambia.

"Wewe usiseme kitu, bro. Ukisema watakutoa na wewe, tunakuwa wawili airport. Hiyo inanisaidia na nini? Kupata mtu wa kukaa naye kwa ndege?"

"Ni haki, Wafula."

"Haki yako imesoma sana. Mimi nataka kazi."

Nina hasira hadi leo kwamba mtu aliyeonewa alilazimika kunibembeleza ninyamaze, na kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi.

Maalim alipopata habari hakumlaumu mtu. Aliingiza kanda ya mfumo, baada ya kuikunjua mbele na nyuma, akaiamsha mashine kwa kutumia kanda badala ya diski, akaanza programu ya ukaguzi. Programu hiyo haitengenezi bila kuuliza. Inakuonyesha kipande kisicho na mwenyewe, inauliza kama ukiunganishe, unajibu ndiyo au hapana, inakuonyesha kingine. Tulipokezana kujibu. Faili zilizopoteza majina mfumo ulizikusanya katika jalada moja ambalo tangu zamani limeitwa la vilivyopotea na kupatikana, kila moja ikiwa na namba tu. Ikabidi tuzifungue moja baada ya nyingine, tuutazame mchoro ulivyopinda, na Maalim, aliyeuzunguka mji huo tangu utotoni, ataje ni mtaa upi. Ilituchukua siku kadhaa. Mudiri aliahirisha safari ya Wafula hadi siku ya makabidhiano, ili mhandisi aone kwamba adhabu imetolewa.

Nilimwambia Maalim tuizuie michoro mpaka Wafula asafishwe. Nilikuwa na maneno mazuri juu ya jambo hilo, maneno ya darasani kuhusu nguvu ya mfanyakazi.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Michoro hii ya mudiri?"

"Hapana."

"Ya nani?"

"Ya mji."

"Basi mvua ikija, mji uzame kwa sababu mudiri muongo? Malizia hiyo faili."

"Na Wafula je?"

"Wafula ana kinywa, na wewe una kinywa. Mashine haina. Usiitie mashine maneno yako."

Nilimkasirikia. Lakini kazi tuliimaliza.

Makabidhiano yalifanyika asubuhi, katika chumba cha mikutano. Mudiri alikaa kichwani mwa meza, Bwana Nasser pembeni yake, Maalim na mimi upande wa pili. Wafula alisimama mlangoni, sare yake imepigwa pasi. Bwana Nasser aliitazama michoro kwenye skrini kubwa, mtaa baada ya mtaa, akaridhika. Kisha akauliza, kwa utaratibu wa mtu anayefunga shauri:

"Na umeme alikata nani?"

"Mlinzi," alisema mudiri. "Anasafiri wiki hii."

Nilimtazama Maalim. Aligeuza kiganja juu ya meza. "Mie sikuwepo. Nilikuwa msikitini. Siwezi kusema nisichokiona."

"Mimi nilikuwepo," nilisema. "Mlinzi aliambiwa akate. Alieleza kwamba mashine inafanya kazi, akaambiwa akate kila kitu. Nilikuwa jikoni, mlango uko wazi."

Mudiri hakukasirika. Alitabasamu kama mtu anayemwombea mtoto radhi kwa wageni. "Huyu ni amil, Bwana Nasser. Ikama yake imeandikwa kibarua. Wanatoka nchi moja, wanateteana. Tusipoteze muda."

Bwana Nasser alitikisa kichwa kukubali. Mlangoni Wafula alikuwa akiniangalia kwa macho ya kuniambia, nilikuonya. Mhandisi aliigeukia michoro tena.

"Nahitaji mtu wa kunithibitishia kwamba imekamilika. Nani ameikagua?"

"Fundi wetu," alisema mudiri mara moja, akaninyooshea mkono. "Ana diploma. Mwulize chochote."

Vijana, nimekwisha kusoma vitabu vingi vya maadili, na hakuna hata kimoja kilichonitayarisha kwa kasi ya mabadiliko yale. Mwanamume yule alinifanya kibarua na kunifanya fundi kabla kahawa haijapoa, na hakuona kwamba amefanya jambo la ajabu.

"Bwana Nasser," nilisema, "umesikia kwamba mimi ni kibarua ambaye neno lake ni la kutetea wenzake. Sasa umesikia kwamba mimi ni fundi ambaye neno lake litaipokea michoro ya mji mzima. Mimi sijaondoka kwenye kiti hiki. Nina neno moja tu. Ukilikubali juu ya michoro, likubali na juu ya umeme. Ukilikataa juu ya umeme, likatae na juu ya michoro, utafute mtu mwingine aikague upya."

"Kuna mwingine?" Bwana Nasser alimwuliza mudiri.

Mudiri alimtazama Maalim.

"Mie macho yangu yamechoka," alisema Maalim. "Mitaa nimetaja mie, lakini aliyelinganisha mstari kwa mstari ni huyu. Na mie neno lake nalikubali. Lote."

Bwana Nasser alifunga kalamu yake. "Ikama ya huyu kijana imeandikwa nini hasa?" Mudiri alianza kueleza habari za nafasi zilizojaa. Mhandisi hakumsubiri. "Jibu yote mawili," aliniambia.

Nikajibu. Nilimwambia kwamba michoro imekamilika isipokuwa ya vichochoro vichache ambavyo hata Maalim hakuvitambua, nikamtajia viko wapi ili vipimwe upya. Kisha nikarudia yale mazungumzo ya koridoni, neno kwa neno, hadi lile swali la kafili. Bwana Nasser alimgeukia Wafula.

"Ni kweli?"

Wafula alisogea hatua moja ndani. "Ni kweli, bwana."

"Sitaki ripoti yoyote juu ya mtu huyu," mhandisi alimwambia mudiri. "Na kila nikija hapa nataka kumkuta getini."

Msidhani mambo yaliishia kwa makofi. Mudiri alinishukuru mbele ya mgeni. Mchana aliniita, akaniambia kwamba kwa kuwa nimeonyesha kujali sana kilichoandikwa kwenye ikama, kuanzia sasa kitatekelezwa. Nirudi Riyadh, kwenye ghala la kampuni, nikabebe makatoni. Nilikwenda kuaga chumba cha mashine. Maalim alikuwa akiandika ile amri yake kwa mara ya tatu.

"Ningesema kama ningeona," aliniambia bila kugeuka.

"Najua, Maalim."

"Ungenidharau kama ningesema bila kuona."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na lilinipunguzia hasira moja, ingawa zilizobaki zilikuwa nyingi.

Mkataba wangu wote uliosalia niliumalizia ghalani, na niliporudi nyumbani sikuigusa tena kazi ya mashine. Ninyi mtaigusa, na inafaa muiguse. Lakini msikubali kufanywa mafundi pale mnapohitajika na vibarua pale mnaposema, na msikubali kisa chochote cha mashine ambacho ndani yake mna mtu mmoja tu. Mwulizeni msimulizi wengine wako wapi.

Wafula alinisindikiza hadi stesheni ya mabasi. Alibeba begi langu ingawa nilikataa, na njia nzima alininunia.

"Mimi sikukutuma," alisema tulipofika.

"Najua."

"Diploma yako yote, sasa unaenda kubeba makatoni."

"Ikama ilisema tangu mwanzo. Mimi ndiye sikuisoma vizuri."

Alijaribu kuendelea kununa akashindwa. Alicheka mpaka abiria wakatugeukia, akanipa mfuko wa chapati alizozifunga kwa karatasi ya foili, akaniambia nisizile zote kabla ya Taif. Kisha akatazama saa, akarekebisha kofia ya sare yake, na kuondoka kwa haraka, maana alikuwa na lindo la kuwahi.